Pale Tulipoacha Wazi

Mambo yaliharibika Jumatano ya tarehe 17 Julai 2024, siku Filomena alipolifuta jina la marehemu mke wangu kwenye simu ya mradi na jina likarudi lenyewe.

Naanza na siku hiyo kwa sababu wakubwa wa mradi wanapenda kusema mambo yaliharibika baadaye, siku ya kugawa hati kule Mikumi, eti kwa kuwa sisi wananchi hatufuati maelekezo. Si kweli. Yaliharibika Kisanga, mbele ya ofisi ya kijiji, asubuhi kweupe, na mimi nilikuwepo. Naitwa Cleopa. Shule niliishia darasa la nne, lakini jina la mke wangu najua kulisoma.

Costancia alikufa mwezi wa tano kwa presha. Shamba tunalolima pale bondeni, la vitunguu upande wa mto na mahindi upande wa juu, ni la kwao. Kwetu ardhi inafuata mama. Mwanamume unaoa, unalima, unajenga, unazeeka, na bado pale wewe ni mgeni wa ukoo wa mkeo. Silalamiki, ndivyo nilivyokuta. Mwenye shamba alikuwa Costancia, na baada yake inategemewa awe Devota, mtoto wetu wa pekee, aliyerudi nyumbani na wanawe baada ya ndoa kumshinda. Lakini si mimi wa kulitamka hilo. Wa kulitamka ni kaka wa marehemu, shemeji yangu Gabrieli, mbele ya ukoo, siku ya kuondoa tanga, mavuno yakishaingia ndani. Kabla ya siku hiyo hatajwi mtu. Nafasi ya marehemu inaachwa wazi. Hata kigoda cha Costancia pale jikoni kilikaa bila mtu, wajukuu walikizunguka kama vile kina moto.

Sasa, mwaka mmoja kabla, Costancia akiwa mzima, ulikuja mradi wa hati za mashamba. Filomena, mke wa fundi cherehani wetu, aliteuliwa kuwa karani wa kijiji, akapewa simu yenye programu ya mradi. Akazunguka mipaka yetu, akaandika jina la mwenye shamba, akampiga picha Costancia akiwa na kitenge chake cha kijani, uso ameukunja kwa sababu ya jua. Habari hizo zikaenda Kilosa, kwenye tovuti ya mradi, ambako zinakaa kwenye kompyuta. Simu iko kijijini, tovuti iko Kilosa, vitu viwili vinapelekeana habari. Hadi hapo nilielewa.

Julai ile tuliitwa kuhakiki. Ilipofika zamu yangu, Filomena akainua macho.

"Shikamoo mzee Cleopa."

"Marahaba. Pole na kazi."

"Pole na wewe, baba. Hapa mwenye shamba bado ni mama Devota. Niweke jina lako?"

"Langu? Unataka Gabrieli anitimue kabla vitunguu havijakomaa?"

Waliokuwa kwenye foleni wakacheka.

"Basi niweke la Devota."

"Ukoo haujakaa."

"Sasa niandike nini?"

"Futa, wacha wazi."

Hakubisha. Filomena ni wa hapa hapa, kwao wanafanya vivyo hivyo. Mtu wa kutoka mbali angeuliza wazi maana yake nini, angeng'ang'ania aandike kitu, na kumbe angetuokoa. Yeye alielewa, na kuelewa kwake ndiko kulikotuponza. Alifuta herufi moja moja, nami nimesimama begani kwake natazama. Jina lilikuwa linaliwa kuanzia mkiani. Costanci. Costan. Cost. Mwisho pakabaki peupe. Nilijisikia vibaya kidogo, lakini ndivyo inavyotakiwa.

Mtandao Kisanga unashika vizuri pale juu ya kichuguu kilicho nyuma ya zahanati. Tukaenda. Filomena akapanda, akabonyeza "Tuma", simu ikasema imepokelewa. Kisha, kama walivyofundishwa, akaomba kutoka Kilosa orodha mpya ili simu na tovuti zilingane. Orodha ikashuka. Akaitazama, akashuka kichuguu taratibu, akanipa simu.

Costancia alikuwa amerudi. Jina zima, na picha, na kitenge cha kijani.

"Mama Devota karudi," akasema Filomena. Hakucheka.

Akafuta tena, akatuma tena. Akarudi tena. Kufikia hapo foleni yote ilikuwa imehamia kwenye kichuguu kutuangalia, na jirani yangu Herman, ambaye hajui kunyamaza hata msibani, akasema, "Cleopa, huyu mama alikuwa hapokei amri hata alipokuwa hai. Leo unadhani atakusikiliza?"

Filomena akampigia simu Mratibu wa mradi, akaweka sauti ya juu ili nasi tusikie. Mratibu alikuwa mahali penye kelele za sahani.

"Hiyo ni mtandao tu," akasema. "Futeni, mtume, msubiri. Itajirekebisha yenyewe."

"Tumeshafuta, mheshimiwa."

"Futeni tena."

Basi tukafuta. Filomena alifuta Alhamisi, akafuta Ijumaa, akafuta Jumatatu, kila mara simu inasema imepokelewa na kila mara orodha ikishuka mke wangu yumo. Mwisho wa mwezi ukafika, orodha ikafungwa, wakaenda kuchapa hati. Hakuna aliyekuja kutuuliza kitu.

Septemba tuliondoa tanga. Gabrieli alisimama, akasema shamba la dada yake ni la Devota na watoto wa Devota, na mimi nitakaa humo mpaka nichoke mwenyewe. "Huyu mzee tumemzoea," akasema, "na tukimrudisha kwao watatudai gharama za kumlisha." Ukoo ukacheka, nami nikacheka. Devota akakalishwa kwenye kigoda cha mama yake. Kwetu sisi, mambo yakawa yamekwisha siku ile.

Novemba tukaitwa Mikumi kuchukua hati. Wakatangaza kwamba kila mwenye shamba aje mwenyewe, apigwe picha, aweke dole gumba mbele ya wageni. Hati isiyowekewa dole mpaka mwisho wa Januari itafutwa, na shamba lake litaandikwa halina mwenyewe, liwe la kijiji. Tulipanda gari alfajiri, mimi, Devota na Gabrieli. Nilimwambia Devota avae vizuri. Nilikuwa na matumaini, siwezi kusema uongo. Nilifikiri labda kile kitu kimejirekebisha chenyewe kama Mratibu alivyoahidi.

Walikuwa wamefunga maturubai, kuna ngoma, kuna maji ya chupa kwa waliokaa mbele. Majina yakaanza kusomwa kwenye spika. Mtu akiitwa anapigiwa makofi, anaweka dole, anapiga picha na mgeni, anarudi na bahasha. Ikafika Kisanga.

"Costancia, mke wa Cleopa, wa Kisanga!"

Watu wa turubai la mbele wakapiga makofi kama walivyompigia kila mtu. Sisi wa Kisanga tukanyamaza. Mpiga ngoma, maskini, akagonga. Jina likaitwa tena, mara hii kwa kuvutwa, kama unavyomwita mtu aliye mbali shambani.

Nikasimama. "Hayupo. Alikufa."

Mratibu akaziba kipaza sauti kwa kiganja, akanijia. Ni mtu wa umri wa kunizalia mjukuu, wala hakunipa shikamoo.

"Mzee, mfumo unaonyesha yuko hai."

"Mfumo haukuja kwenye mazishi."

Nikamtolea cheti cha kifo. Akakisoma chote, mbele na nyuma, akakirudisha.

"Pole sana. Sisi hatubishi kwamba amefariki. Tatizo ni mfumo."

Akatuchukua nyuma ya gari lake, mbali na wageni. Akamtazama Devota, akaitazama picha iliyo kwenye hati, akamtazama Devota tena.

"Huyu ni nani?"

"Mtoto wa marehemu," nikasema. "Ndiye ukoo uliyempa shamba."

"Mbona basi hakuna shida? Wamefanana kama nini. Binti, weka dole hapa, tumalize. Shamba si ni lako? Utakuwa na hati yako mkononi, nani atakuuliza?"

Akafungua kidau cha wino. Nitasema ukweli, mimi kwa wakati ule niliona ni sawa. Shamba lingebaki kwa mtoto wangu, na mimi ningelala pale ninapolala. Devota alishanyoosha mkono. Lakini yeye alifika kidato cha pili, ana tabia ya kusoma kitu kabla ya kukigusa. Akasoma. Mkono ukarudi nyuma.

"Baba," akasema, "hapa imeandikwa mwenye shamba ameolewa. Mume wake, Cleopa. Nikiweka dole hapa, mimi ni mke wako."

Kwetu binti mkubwa hata mkeka wa baba yake haukalii.

"Hii ni karatasi tu," akasema Mratibu.

Gabrieli ndiye aliyemjibu. "Karatasi tu? Basi mlete mkeo aweke dole lake hapo, aolewe na shemeji yangu. Mahari tutaongea baadaye."

Mratibu akafunga kidau cha wino. Akasema ametusaidia kadiri ya uwezo wake, na kama hatutaki msaada twende Kilosa tukaonane na mtu wa mfumo. Akarudi kwa wageni. Bahasha ya Costancia akaiweka kwenye kiti cha mbele cha gari, peke yake. Niliiona tulipokuwa tunapita.

Wiki iliyofuata mimi na Devota tukaenda Kilosa. Mtu wa mfumo anaitwa Godfrey, anakaa kwenye chumba kidogo chenye feni mbovu na kompyuta inayotumika kuendesha ile tovuti. Alitupa shikamoo, akatafuta kiti cha pili mwenyewe. Sina ugomvi naye. Nikamweleza yote, tangu kichuguu.

"Ngoja niwaonyeshe," akasema.

Akageuza kioo upande wetu. Akatueleza kwamba simu haipeleki ukurasa kama sisi tunavyouona kwa macho. Inafungasha. Kila jambo linapewa jina lake na maelezo yake, yote yanapangwa kwenye maandishi yaliyobanwa pamoja, yanasafiri hewani kama furushi moja, kisha kompyuta ya huku inafungua furushi na kupanga kila kitu mahali pake. Ikitaka kujibu, nayo inafungasha vilevile, simu ndiyo inafungua. Akatuonyesha furushi lenyewe la ile tarehe 17 Julai, bado lilikuwepo. Lilikuwa na mabano yaliyopinda mwanzo na mwisho, na katikati maneno na nukta mbili. Kijiji, nukta mbili, Kisanga. Zao, nukta mbili, vitunguu. Mpaka wa mashariki, mto. Nikasoma kwa kidole mpaka mwisho.

"Mwenye shamba yuko wapi?"

"Hayumo."

"Mmemtoa?"

"Hakupakiwa, mzee. Mahali pasipo na maandishi, simu haipapakii kabisa. Iliamuliwa hivyo tangu mwanzo ili furushi liwe jepesi, maana mtandao wa vijijini ni mdogo."

"Na kompyuta ikifungua ikakuta hayumo?"

"Inachukulia kwamba hilo jambo halijabadilika. Inabaki na lile la zamani. Halafu Filomena akiomba orodha mpya, anarudishiwa la zamani." Akanitazama. "Si kwamba jina liligoma. Hapa hapakufika habari yoyote ya kulifuta."

"Lakini simu ilisema imepokelewa."

"Furushi lilipokelewa."

Devota akauliza, "Kaka, sasa tungeandika nini siku ile?"

Godfrey akajifuta uso kwa viganja. Nadhani alitamani asijibu.

"Chochote. Marehemu. Hata kistari kimoja. Lingefika."

Hata kistari. Nilikaa nikaangalia ile feni. Filomena alikuwa na simu mkononi, mimi nimesimama begani kwake, na kilichotakiwa ni kistari. Tena tulifanya heshima. Tuliacha wazi kwa sababu wazi kwetu inasema mwenyewe kaondoka na wa kukaa hapo bado hajatajwa, kila mtu Kisanga akipaona anajua. Wao wamechukua hiyo wazi wakaona si kitu cha kubebwa.

"Nani aliamua mahali wazi pasipakiwe?" nikauliza.

"Walioagiza programu."

"Walifika Kisanga?"

"Walikaa kikao Morogoro."

"Na Mratibu, tulipompigia, alijua?"

Godfrey akainuka akasukuma mlango ukajifunga. "Wakati ule hakujua. Nililigundua mimi, Agosti, nikamwambia. Akasema orodha imeshafungwa na siku ya Mikumi imeshapangwa, wageni wameshaalikwa. Akasema watakaoathirika ni wachache."

Basi nikawa nimejua. Mtandao haukuwa na kosa, wala Filomena, wala sisi. Kuna mtu aliambiwa, akahesabu, akaona Costancia anaingia kwenye wachache.

"Wewe si uko mbele ya hiyo kompyuta," nikamwambia. "Andika sasa hivi. Mwenye shamba, nukta mbili, Devota."

"Ni kazi ndogo, mzee, hata chai haipoi. Lakini nimefungiwa. Upande wa tovuti hauruhusiwi kugusa habari za mwenye shamba. Habari hiyo inatoka kijijini tu, kwenye simu."

"Filomena ana simu."

"Simu nayo imefungiwa mashamba yote ambayo hati zimeshachapwa."

"Nani anafungua?"

Akaonyesha kwa kidevu ukutani. Ofisi ya Mratibu iko upande wa pili wa ukuta huo.

Tukaenda. Mratibu alikuwepo, hakusimama. Alitusikiliza huku anatembeza kidole kwenye simu yake. Akasema taratibu ziliwekwa ili watu wasibadilishiane mashamba kinyemela, na kwamba akifungua kwa ajili yetu itabidi afungue kwa kila mtu. Nikamwambia afungue kwa kila mtu. Akasema siyo rahisi hivyo. Nikamuuliza kama yeye mwenyewe anaamini mke wangu amekufa. Akasema anaamini, na pole sana. Nikamuuliza kama Godfrey anaamini. Akasema sote tunaamini. Ndipo nikamuuliza swali moja, nitaliandika mwishoni.

Safari hii alisimamisha kidole. Akamtazama Devota kama vile ndiye atakayemsaidia, Devota akatazama dirishani. Akasema swali hilo ni la kitaalamu, atalifikisha juu, tusubiri tutapigiwa simu.

Tumesubiri. Krismasi imepita. Tulikwenda tena Kilosa mara mbili. Mara ya kwanza Mratibu yuko semina, mara ya pili Godfrey amehamishiwa wilaya nyingine na chumba chake kimefungwa. Filomena anapita nyumbani karibu kila jioni, anapanda kwanza kichuguu, anaomba orodha, anakuja kutuambia kama kuna mabadiliko. Picha ya kitenge cha kijani bado ipo. Mara nyingine Devota humwomba aikuze kidogo, waitazame, kisha wanazungumza mengine. Gabrieli ameshasema ukoo hautakubali shamba liwe la kijiji, lakini Gabrieli naye anajua kwamba karatasi ikishasema, sauti yake inaishia kwenye mto.

Devota amepanda. Nilimwambia asubiri kwanza tujue, akasema mvua haisubiri mfumo. Mahindi yamefika magotini na Januari inaelekea mwisho. Akikaa kwenye kigoda jioni anapiga hesabu ya palizi ya pili, na mimi namwacha.

Swali lenyewe naliandika hapa kama nilivyomuuliza Mratibu, asije akasema hakulielewa. Nilimwambia hivi: bwana mkubwa, simu inajua lakini mmeifunga mdomo, na kompyuta mmeiacha iseme lakini haijui. Sasa mke wangu ili na yeye afe kwenye mradi wenu, mtoto wake apate pa kukaa, afie upande upi?